Jaa likifungwa usidhani limepoa

Jumatatu usiku mpwa wangu alinipigia simu kutoka Maabela, Muscat. Hapa Saltley, Birmingham, ilikuwa saa nne. Kwao ni saa saba, wakati ambao mtu hapigi simu ila ana jambo.

"Mjomba, samahani kama nimekuamsha."

"Sijalala baba. Kuna nini?"

Amepata kiwanja nyumbani, katika mji mmoja wa pwani ambao jina lake naliacha. Bei ni thuluthi ya viwanja vya jirani. Arbuni ameshatoa, na dalali ataka zilizobaki kabla ya Ijumaa. Kijana huyu amekaa Oman miaka kumi na moja akiendesha gari la mizigo, na hizo ndizo akiba zake zote. Kilichomfanya asilale ni neno moja ambalo dalali alilitamka kama si kitu: kiwanja kiko chini ya kilima, na kilima chenyewe kilikuwa jaa la taka, au dampo kama wasemavyo bara. "Lakini limefungwa zamani, limefukiwa, sasa ni majani matupu. Mbuzi wanalisha."

Akanitumia video ya dakika mbili. Nimeitazama mara nyingi wiki hii. Naandika hapa kwa sababu najua si yeye peke yake. Nusu ya wasomaji wa ukurasa huu mnatuma pesa nyumbani kununua ardhi ambayo hamjaikanyaga, na miji yetu imepanuka hadi imeyafikia majaa yake ya zamani. Tena tarehe 10 Agosti 2024 jaa la Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, liliporomoka juu ya nyumba za watu. Watu wasiopungua 35 walikufa.

Taka zikiondoka mlangoni

Nianze na hapa nilipo. Birmingham ni jiji la pili kwa ukubwa Uingereza, na mwaka 2025 lilinuka. Wafanyakazi wa taka walianza kugoma Januari, na tarehe 11 Machi wakaweka zana chini kabisa. Tarehe 31 Machi halmashauri ilitangaza hali kuwa tukio kubwa la dharura, wakati kiasi cha tani 17,000 za taka zilikuwa zimelala mitaani. Mtaa wa Alum Rock Road, ninaponunua mboga, mifuko meusi ilipanda hadi madirishani, na panya walikuwa hawamkimbii mtu. Hadi Agosti 2025 mgomo ulikuwa haujaisha. Chama cha Unite kilisema watu wanapunguziwa mishahara. Halmashauri, ambayo Septemba 2023 ilikiri rasmi kwamba fedha zake hazitoshi, ilisema haina njia nyengine.

Jirani yangu mmoja, mzee wa Kipakistani, aliniambia: "Mwalimu, zikishaondoka tu, nitasahau." Ndivyo tulivyo wote. Taka zikishaondoka mlangoni, kwetu zimekwisha. Lakini haziishi, huhama tu. Sehemu kubwa ya taka za jiji hili huchomwa katika kiwanda cha Tyseley, si mbali na hapa, kinachofanya kazi tangu 1996. Mwaka huohuo Uingereza ilianza kutoza kodi kwa kila tani inayofukiwa ardhini. Ilianza kwa pauni 7, na Aprili 2025 ilifika pauni 126 na senti. Serikali haikupandisha kodi hiyo kwa kupenda usafi peke yake. Waingereza walikwisha kujifunza, kwa hasara, kwamba kufukia taka ni kukopa. Mzigo unauweka leo, deni unalipa kwa miaka.

Nchi zetu nyingi bado hazijaliandika deni hilo mahali popote. Ndiyo maana dalali aweza kusema "limefungwa" na mnunuzi akaelewa "limekwisha". Wazee walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Jaa nalo ni hivyo.

Nilichokiona kwenye video

Nilisomesha jiografia zaidi ya miaka thalathini, na kabla ya hapo nilisoma sekondari kwa mapadre. Padre aliyetusomesha mmomonyoko wa udongo hakutuandikia mengi ubaoni. Alileta sinia mbili, moja ina udongo mtupu, ya pili udongo wenye nyasi, akazilaza mshazari akamimina birika la maji juu ya kila moja. Ya kwanza ilitoa matope. Ya pili ilitoa maji. Akasema, "Haya, andikeni mlichoona." Basi na mimi naandika nilichoona.

Jambo la kwanza: ubavu wa kilima umechimbika makorongo. Mvua imekata mistari kutoka juu hadi chini, na mahali pamoja mfuniko wa udongo umeliwa hadi plastiki na matambara yanachungulia.

La pili: chini ya kilima, upande wa kiwanja chenyewe, kuna kijito chembamba cheusi kama chai ya rangi iliyochacha. Video ilichukuliwa siku ambayo haikunyesha.

La tatu ndilo dogo, na ndilo lililonikosesha usingizi. Kwenye yale majani mabichi aliyoyasifu dalali, kuna mabaka makavu ya mviringo, hayana hata gugu. Mbuzi wanapita kando.

Mambo hayo matatu ni mmomonyoko, maji na gesi. Si mambo mbalimbali. Moja huliita jengine.

Maji ndiyo baba wa matatizo

Katika miji ya Afrika Mashariki zaidi ya nusu ya taka ni mabaki ya vyakula: maganda ya ndizi, mboga, machicha ya nazi. Vitu hivyo vina maji ndani yake, na mvua huongeza. Maji hayo yakipenya taka huchukua kila anachokikuta njiani, chuma, chumvi, madawa, uchafu wa betri, kisha hutokea chini yakiwa meusi. Jaa lililojengwa kwa hesabu hutandikwa kwanza udongo wa mfinyanzi uliogandamizwa, juu yake plastiki nzito, juu yake kokoto na mabomba ya kukusanya maji hayo yapelekwe kusafishwa. Jaa la kutupa tu halina tandiko. Maji huingia ardhini, na ardhini ndimo mlimo visima.

Hapa niseme langu. Marehemu dada yangu, mama wa kijana huyu, aliishi miaka mingi karibu na jaa, na kisima chake kilikuwa upande wa chini. Aliniuliza siku moja, "Kaka, maji haya yana ladha ya chuma, ni salama?" Niliyatia kwenye gilasi, nikayaangalia kwenye jua, nikaona yameng'aa. Nikamwambia hayana neno, chemsha tu. Mimi, mwalimu! Kuchemsha huua vijidudu. Risasi na chumvi za vyuma hakuziondoi. Waliokuwa na jukumu la kupima maji hawakuja kupima, nami sikuwadai. Sisemi maradhi yake yalitokana na kisima, sina ushahidi huo. Nasema niliulizwa nikajibu kwa macho. Mara hii nimeulizwa na mwanawe.

Maji yakikosa njia ya kutoka, hufanya jambo la pili: huongeza uzito wa kilima na wakati huohuo hulegeza kushikana kwake. Ukiongeza hapo mteremko mkali na taka mpya zinazomwagwa juu kila siku, unangojea tu mvua. Kiteezi lilifunguliwa mwaka 1996. Lilikuwa limeshajaa, wenyewe wakisema, na bado malori yaliendelea kupanda. Mvua kubwa zikanyesha, na asubuhi ya Jumamosi kilima kikashuka. Rais Museveni aliuliza hadharani ni nani aliyeruhusu watu kukaa karibu na lundo la hatari kama lile, na Septemba akamfuta kazi mkurugenzi mtendaji wa mamlaka ya jiji. Swali lake ni la haki. Lakini wengi wa waliofukiwa walikwenda pale kwa sababu ileile ya mpwa wangu: bei.

Kiteezi halikuwa la kwanza. Machi 2017 jaa la Koshe, Addis Ababa, liliua watu zaidi ya 110. Februari 2018 la Hulene, Maputo, liliua wasiopungua 16 usiku wa mvua.

Na asiseme mtu kwamba ni mambo ya Waafrika. Tarehe 21 Oktoba 1966, huko Aberfan, Wales, kilima cha mabaki ya mgodi wa makaa kilishuka saa tatu na robo asubuhi kikaifukia shule ya msingi. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Hayakuwa mabaki ya jikoni, lakini kosa lilikuwa lilelile: kilima kiliwekwa juu ya chemchemi za maji, na chemchemi hizo zilikuwa zimechorwa kwenye ramani. Kila nilipowasomesha watoto kusoma ramani niliwahadithia kisa hicho.

Dawa inajulikana, wala si ya ajabu. Ubavu wa kilima ulazwe, kwa kawaida usizidi kupanda mita moja kwa kila mita tatu za kwenda mbele. Ukatwe vidato ili maji yasikimbie kutoka juu hadi chini kwa pumzi moja. Pachimbwe mifereji ya kuyazuia maji ya mvua yasiingie kwenye taka, mbali na mabomba ya yale meusi yaliyomo ndani. Juu pawekwe udongo wa kutosha na nyasi, kama ile sinia ya pili ya padre. Kisha, na hapa ndipo wengi hushindwa, arudi mtu kila baada ya mvua kuziba nyufa, kwa sababu taka zikioza hunywea, kilima hubonyea, na pale palipobonyea maji hutuama na kuingia.

Gesi haina mlango wake

Taka zilizofunikwa huoza bila hewa, na hapo huzaa gesi. Kiasi cha nusu au zaidi ni methani, iliyobaki karibu yote ni kaboni dayoksaidi. Methani haina harufu. Ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha baina ya asilimia 5 na 15, cheche moja yatosha kulipua. Ikifukuza hewa kwenye mizizi, majani hufa. Yale mabaka kwenye video, kwa hiyo, hayakunishangaza.

Watu wengi hudhani kulifunika jaa vizuri ni kumaliza gesi. Saa moja hivi kwa gari kutoka hapa, katika kijiji cha Loscoe, Derbyshire, palikuwa na shimo la zamani la kuchimba udongo wa matofali lililojazwa taka za majumbani, kisha likafunikwa. Gesi ilipozuiwa kutoka juu ilipita pembeni, ndani ya nyufa za miamba, ikaingia chini ya sakafu za watu. Alfajiri ya tarehe 24 Machi 1986 kanieneo ya hewa ilishuka ghafla, jambo ambalo huivuta gesi kutoka ardhini. Hita ya nyumba moja ikawaka yenyewe kama kila siku, nyumba nzima ikaruka. Watu watatu waliokuwamo walijeruhiwa, na kunusurika kwao ni kudra. Baada ya Loscoe Uingereza ikabadili kanuni zake: gesi itobolewe visima, ivutwe kwa mabomba, ichomwe au izalishe umeme, na pembezoni pawe na vitobo vya kupimia.

Hilo halizishindi nchi zetu. Jaa la Mtoni kwa Kabuga, Dar es Salaam, liliingizwa katika mradi wa kuvuna gesi uliosajiliwa chini ya mpango wa Kyoto mwaka 2007. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na mtambo mwaka wa kumi, wa ishirini, baada ya wageni na kamera kuondoka.

Nani atalipa mwaka wa ishirini?

Hapa ndipo penye kiini. Sheria ya Ulaya ya mwaka 1999 inataka fedha za kulitunza jaa baada ya kufungwa ziwekwe kabla, za kutosha angalau miaka 30. Hata hivyo tazameni Walleys Quarry, karibu na Newcastle-under-Lyme, nako ni saa moja hivi kutoka kwangu. Wakazi wake walivumilia miaka harufu ya mayai viza, ambayo ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Gesi hii hutokea kwa mfano vipande vya jipsamu vya ujenzi vikichanganyika na taka zinazooza penye unyevu. Watu walilala madirisha yamefungwa wakati wa joto. Tarehe 28 Novemba 2024 Wakala wa Mazingira uliamuru jaa lifungwe. Watu wakafurahi. Februari 2025 kampuni iliyoliendesha ikafilisika, na mzigo wa pampu na mabomba ukabaki bila mwenyewe, hadi wakala wa serikali akalazimika kuushika. Kufunga kulikuwa siku moja. Kutunza ni miongo, na kampuni hufa kabla ya gesi.

Ikiwa ndivyo Uingereza, penye sheria na wakala, kwetu je? Mahakama zetu zimeshasema neno. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki halmashauri ya jiji kwa kutupa taka mlangoni mwao wakashinda. Halmashauri ilipohamia Kunduchi Mtongani, wakazi 795 nao wakaenda Mahakama Kuu, mwaka 1991 wakashinda vilevile. Malori yakaelekea Vingunguti. Haki ilipatikana, jaa likahama kumfuata asiye na wakili. Kwetu Mombasa tulipita miaka na miaka daraja la Makupa tumeziba pua kwa moshi wa Kibarani, hadi 2018 pakakomeshwa, pakapandwa miti, na taka zikaendelea kwenda Mwakirunge. Nafurahi nikiona picha za bustani ile. Lakini bustani juu ya jaa yataka mpimaji kama hospitali inavyotaka daktari. Wa Mombasa muulizieni diwani wenu: vipimo vya gesi na maji vyafanywa lini, na vyasomwa wapi?

Nyinyi mlio Ghuba mwalijua jambo hili kwa njia nyengine. Aprili 2024 mafuriko ya Oman yalichukua roho za watoto wa shule, na kila mtu akakumbuka kwamba wadi, hata ikae kavu miaka, ni njia ya maji. Hakuna mzee wa Kiomani atakayekuuzia nyumba ndani ya wadi akakwambia "imekauka zamani". Jaa lililofungwa lisomeni hivyo hivyo.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma hata rupia moja, mtumeni mtu mwenye macho, si dalali, na aende mara mbili, wakati wa jua na baada ya mvua. Aulize maji meusi yanakwenda wapi, na kisima cha karibu kimepimwa vyuma, si vijidudu tu. Aangalie mteremko, makorongo, na mabaka makavu. Atafute mabomba ya gesi. Asipoyaona asifurahi, maana gesi ipo, njia tu ndiyo haipo. Aende ardhi akaangalie ramani, kisha halmashauri au kaunti aulize kwa maandishi ni nani mwenye jukumu la kilima kile na bajeti yake ni kiasi gani. Jibu likiwa "limefungwa", hilo si jibu.

Na kwa wakubwa wetu nina moja. Kila ganda la ndizi lisilofika jaani ni gesi na maji meusi yaliyopunguzwa bila mtambo wowote. Kenya ina sheria ya mwaka 2022 inayotaka taka zitenganishwe tangu nyumbani. Tuanze hapo, jikoni na sokoni, huku tukitenga fedha za miaka 30 ya yale yaliyokwisha kulundikwa.

Juzi nilimpigia mpwa wangu nikamwambia yote haya. Alinyamaza, kisha akasema, "Mjomba, arbuni ni mishahara ya miezi minne."

Nikamwambia, "Najua baba. Iache."

Akakubali. Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejitayarisha nalo: "Na huyo atakayekinunua baada yangu, nani atamwambia?"

Dalali hatamwambia. Ikiwa halmashauri haimwambii, haiweki hata kibao, basi watajua siku ya mvua, kama walivyojua watu wa Kiteezi.